Upepo wa Matairi, Breki Zinazobana na Mafuta ya Gari Lako: Mwongozo kwa Madereva wa Mwanza

Tairi la gari dogo lenye upepo wa PSI 24 badala ya 32 halionekani kuwa na kasoro yoyote. Matairi ya radiali tunayotumia siku hizi huwa yamebonyea kidogo pale yanapokanyaga ardhi hata yakiwa na upepo kamili, kwa hiyo mtu anayelitazama kwa macho, au anayelipiga teke kama tunavyofanya wengi wetu kabla ya safari ya Magu au Sengerema, hawezi kulitofautisha lililopungukiwa na lililo sawa. Anayeiona tofauti hiyo ni geji, na baada ya majuma kadhaa huiona pia mwenye gari anapolipia mafuta. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima upepo na kuurekebisha, na namna ya kugundua sehemu nyingine za gari ambazo msuguano wake hula mafuta bila dereva kujua. Nimeuandika nikiyafikiria magari yanayoendeshwa hapa Mwanza, ambayo mengi ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, pamoja na barabara zetu za vilima, matuta na mawe.

Mafuta yanapotelea wapi

Wengi hudhani kwamba tairi hula mafuta kwa sababu linasuguana na lami. Ukweli ni kwamba tairi linaloviringika vizuri haliserereki juu ya barabara, na msuguano ulio kati ya mpira na lami ndio unaoliwezesha gari kuondoka, kukata kona na kusimama. Bila msuguano huo gari lingezungusha matairi mahali pamoja, kama linavyofanya kwenye tope la njia za ndani za Buhongwa wakati wa mvua. Kinachokula mafuta ni kukunjwa kwa mpira wenyewe. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi, ambayo kwa gari dogo ni kama ukubwa wa kiganja cha mkono, hubanwa na uzito wa gari ikawa bapa, kisha inapoinuka hurudia umbo lake la mviringo. Lakini mpira haurudishi nguvu yote uliyopewa, na ile usiyoirudisha hugeuka joto. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, kila sehemu ya tairi la rimu namba 14 hukunjwa na kukunjuliwa zaidi ya mara 7 kwa sekunde. Upepo ukipungua, mkunjo huwa mkubwa zaidi na joto huongezeka. Joto hilo limelipiwa kituo cha mafuta.

Ni vyema kuyaona mambo haya kwa hesabu, maana bila hesabu mtu hudanganyika kwa urahisi upande huu au ule. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 pamoja na abiria wake, likitembea juu ya lami nzuri na matairi ya kawaida yenye upepo wa kutosha, huvutwa nyuma na matairi kwa nguvu iliyo sawa na takriban asilimia 1 ya uzito wake, yaani nyutoni 118 hivi. Kuishinda nguvu hiyo kwa kilomita 100 kunahitaji megajuli 11.8. Lita moja ya petroli ina takriban megajuli 32, na injini hugeuza kama robo tu ya hizo kuwa mwendo, kwa hiyo matairi peke yake hudai karibu lita moja na nusu katika kila kilomita 100. Katika barabara ya kokoto deni hilo linaweza kufika maradufu, na katika udongo laini au mchanga wa ufukweni huzidi hapo mara nyingi.

Hewa ya mbele nayo ina deni lake, lakini hiyo hukua haraka kadiri mwendo unavyoongezeka: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya hewa huongezeka mara nne. Kwa gari dogo, chini ya kilomita 60 kwa saa hivi, matairi hudai zaidi kuliko hewa. Mtu anayezunguka kati ya Buzuruga, Kirumba na Pasiansi kutwa nzima hukaa upande huo wa hesabu, wakati anayekwenda Shinyanga kwa mwendo wa 100 yuko upande wa pili na itamfaa zaidi apunguze mwendo kabla hajaanza kuyatilia shaka matairi.

Kupima upepo kwa usahihi

Nunua geji yako mwenyewe. Ya kawaida inatosha, mradi uilinganishe na geji nyingine moja au mbili siku ya kwanza ili ujue kama inasema kweli. Ninalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kujaza upepo mahali fulani pembezoni mwa mji, mashine ikaonyesha 32 katika matairi yote manne, na kesho yake asubuhi geji yangu ikaonyesha 26. Mashine za kujazia hutupwa chini, hukanyagwa na magari na kuachwa mvuani, na sidhani kama ni haki kumlaumu sana kijana anayeishika. Si yeye aliyeiharibu.

Kiwango kinachotakiwa kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katika nguzo ya mlango wa dereva. Katika magari yetu mengi karatasi hiyo ina maandishi ya Kijapani, jambo linalowafanya watu waipuuze, lakini namba zake zinasomeka na kila mtu. Tafuta kwanza ukubwa wa tairi lako, kwa mfano 175/65R14, kisha tazama namba iliyo karibu nayo yenye alama ya kPa. Kubadilisha kPa kuwa PSI, gawanya kwa 6.9: 200 ni 29, 220 ni 32, na 240 ni karibu 35. Mara nyingine utakuta matairi ya mbele na ya nyuma yana viwango tofauti, au kuna kiwango cha gari lenye mzigo, na yote hayo yafuatwe kama yalivyoandikwa. Ile namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kama 44 au 51, ndiyo mpaka wa juu ambao tairi linaweza kuuhimili na wala si kiwango cha kujaza. Nimewaona madereva wazoefu wakijaza kwa kuifuata, kisha wakashangaa gari linavyoruka kama mbuzi kwenye matuta.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, au baada ya kuliacha limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi. Gari likitembea, upepo hupanda kwa PSI 4 hadi 6 kwa sababu ya lile joto la mkunjo, kwa hiyo anayepima baada ya kutoka Igoma hadi mjini na kukuta 32 huenda ana 27 tu. Usipunguze upepo tairi likiwa la moto hata kama geji inaonyesha nyingi, subiri lipoe.

Jua peke yake linaweza kukudanganya. Gari langu hulala uani Nyegezi likiwa limeelekea kaskazini, ubavu wa kulia ukitazama mashariki. Siku moja nilipima saa 12 na nusu asubuhi nikapata 30 pande zote. Nikaitwa ndani, chai ikawa na maneno mengi, na niliporudi saa 3 nikapima tena kabla ya kujaza: matairi mawili ya kulia yalikuwa 32, ya kushoto bado 30, na gari halijasogea hata hatua moja. Upepo wa tairi hubadilika kwa karibu PSI 1 kwa kila nyuzijoto 5 hadi 6, na mpira mweusi uliopigwa jua hufika hapo mapema. Kama ningejaza kwa kufuata vipimo vya saa 3, ningeyaacha ya kulia na kuyajaza ya kushoto, kisha gari lingetembea likiwa halina usawa.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa kanda hii wanapaswa kulijua. Mji wa Mwanza uko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu kPa 13. Geji hupima tofauti iliyopo kati ya hewa ya ndani ya tairi na ya nje, kwa hiyo tairi lililojazwa 32 Dar es Salaam litaonyesha karibu 34 likifika hapa, iwapo hali ya joto ni ile ile. Hakuna hesabu ya ziada unayotakiwa kufanya: gari likitoka pwani, lipumzishe usiku mmoja, pima upya asubuhi na ufuate karatasi ya mlangoni. Na likishuka kwenda pwani fanya hivyo hivyo, maana huko ndiko litakakopungukiwa.

Tairi zima lisilo na pancha hupoteza karibu PSI 1 kwa mwezi. Likipoteza zaidi ya hapo, paka maji ya sabuni kwenye valvu na kuzunguka ukingo wa rimu, kisha utazame mapovu. Vifuniko vidogo vya valvu visidharauliwe, kwani vumbi na mchanga vikiingia humo valvu huanza kuvuja polepole. Kuhusu naitrojeni inayouzwa baadhi ya sehemu, hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78, na anayepima kila baada ya wiki mbili hana haja ya kuilipia.

Utaokoa kiasi gani

Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba gari hupoteza takriban asilimia 0.2 ya umbali linaoupata kwa lita kwa kila PSI 1 inayopungua katika wastani wa matairi yote manne. Kwa gari linalotembea kilomita 1,500 kwa mwezi na kupata kilomita 13 kwa lita, upungufu wa PSI 8 ni karibu lita 2 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya EWURA ya mwezi huu kwa Mwanza, ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini, na utaona kwamba si fedha ya kutajirisha mtu. Anayekuahidi kwamba upepo utakuokolea nusu tanki anakudanganya. Hata hivyo, tairi lenye upepo pungufu huisha kashata (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) za pembeni mapema na kupata joto linaloweza kulipasua katika safari ndefu, kwa hiyo hasara ya mafuta ndiyo ndogo kuliko zote.

Wapo wanaotoka hapo wakaamua kujaza 40 ili gari liteleze vizuri zaidi. Ni kweli ukinzani hupungua kidogo. Lakini sehemu inayokanyaga barabara nayo hupungua, kashata za katikati huisha kabla ya za pembeni, na breki kwenye lami yenye maji huwa dhaifu. Katika zile barabara za mawe zinazopanda milimani, kwa mfano kule Mabatini, tairi gumu hudundadunda na kupoteza mshiko pale hasa unapouhitaji. Fuata karatasi ya mlangoni, au ongeza PSI 1 au 2 tu.

Mzigo huongeza deni la matairi kwa uwiano ule ule wa uzito. Gari letu la kilo 1,200 likipakiwa kilo 300 za magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, ile lita moja na nusu inakaribia lita 1.9, na hiyo ni iwapo umeongeza upepo wa nyuma kama inavyotakiwa, usipoongeza, inazidi.

Breki na beringi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kwa muda, kwa sababu breki inayobana inaweza kula mafuta kuliko matairi yenye upepo pungufu, na mafundi wengi hukimbilia plagi na pampu kabla ya kuiangalia. Kalipa moja (kile chombo kinachozibana pedi za breki) ikikwama na kulibana gurudumu kwa nguvu ya nyutoni 60, ambayo ni kama uzito wa mfuko wa kilo 6, tayari imeongeza nusu ya deni lote la matairi manne. Dereva hatasikia kitu isipokuwa uzito kidogo, na gari la gia za otomatiki humficha hata huo.

Jaribio la kwanza ni la mkono. Endesha kilomita 10 hivi barabarani kwa utulivu, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha simama na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa moja kwa moja. Rimu nne zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana, za mbele zikizidi kidogo. Moja ikiwa ya moto peke yake, nyunyizia matone machache ya maji kwenye rimu hiyo. Yakichemka na kutoa sauti kama ya samaki anayetiwa kwenye mafuta, breki hiyo inabana au beringi yake imekufa. Mimi niligundua yangu kwa pua kabla ya mkono: harufu ya pedi kuungua ilinifuata hadi barabara ya Kenyatta, nikadhani ni gari la mbele, hadi tulipoachana na gari hilo na harufu ikabaki. Fundi alipoifungua kalipa alikuta mpira wa kuzuia vumbi umechanika na pisitoni imeshika kutu. Kusafisha, kubadilisha mpira na kupaka grisi ya breki kulichukua muda usiofika saa mbili.

Jaribio la pili ni la jeki. Gari likiwa sehemu bapa na magurudumu mengine yamewekewa mawe, inua gurudumu moja lisilovutwa na injini, fungua breki ya mkono na ulizungushe. Linapaswa kuzunguka kwa urahisi, likitoa mkwaruzo mwepesi tu wa pedi. Likikwama, au likinguruma kama kinu cha kusagia, mpelekee fundi. Usiingize mguu wala mkono chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake.

La tatu linahitaji mahali bapa na patupu, na hapo ndipo mji huu unapotutesa. Kwa kuwa matairi yanadai asilimia 1 ya uzito, mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100 unatosha kulisukuma gari bila mafuta, na mteremko wa namna hiyo jicho halioni. Ukipata uwanja mpana au barabara tulivu ya mtaa mpya uliopimwa, fika mwendo wa kilomita 20 kwa saa, weka nyutro, na uhesabu hatua hadi gari lisimame lenyewe. Kisha rudia kwa upande wa pili na uchukue wastani. Gari lililo huru hupita mita 100. La muhimu zaidi ni kulinganisha gari lako na lenyewe: andika matokeo leo, na urudie mahali pale pale baada ya miezi mitatu.

Nikiwa bado kwenye breki, niwaombe wanaoweka nyutro wanaposhuka kutoka Bugando waache. Injini za kisasa hukata mafuta kabisa gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye pedeli, wakati kwenye nyutro injini huendelea kunywa ili isizime. Mnapoteza mafuta na breki kwa pamoja.

Usawa wa magurudumu na aina ya matairi

Gurudumu lililokaa upande hata kidogo huburutwa badala ya kuviringika, na mashimo na matuta tunayoyapiga kila siku ndiyo yanayoliondoa mahali pake. Ondoa vumbi, kisha pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa upande mmoja ni laini na wa pili unakwaruza kama msumeno, alaimenti, yaani mkao sahihi wa magurudumu, imekwenda. Usukani unaovuta upande mmoja, au ulioinama gari likienda moja kwa moja, ni dalili nyingine. Balansi ni jambo tofauti: hiyo huondoa mtikisiko, na mafuta inayookoa ni kidogo sana.

Unaponunua tairi, tafuta namba nne zilizomo ndani ya kiduara kirefu ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishapita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na watengenezaji wengi hushauri lisitumike baada ya miaka 10 hata kama kashata zimejaa. Gari lililoshushwa karibuni kutoka Japani likaguliwe pia kama lina matairi ya theluji, ambayo hutambulika kwa michoro ya mlima na chembe ya theluji na kwa mikato mingi myembamba kwenye kashata. Mpira wake ni laini mno kwa joto la huku na huisha upesi. Matairi mapana yenye rimu kubwa za kupendezesha huongeza uzito na ukinzani. Ukubwa ulioandikwa mlangoni ndio ulio salama, na kuanzia mwaka 2010 watengenezaji wa Japani hubandika alama ya ukinzani inayoanzia AAA, ambayo ndiyo bora, hadi C. Ukiikuta dukani, iulizie.

Oili nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari huongeza msuguano ndani ya injini. Kama kitabu kinasema 5W-30, hakuna sababu ya kuweka 20W-50 kwa kuwa tu ndiyo anayoiuza jirani.

Kuhakikisha kwa daftari

Jaza tanki hadi pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha kama kawaida, kisha rudi kwenye kituo kile kile na ujaze tena hadi ijikate. Kilomita 412 kwa lita 31 ni kilomita 13.3 kwa lita. Tanki moja halisemi kitu, kwa sababu foleni, mvua na abiria hubadilika. Chukua matanki matatu kabla ya marekebisho na matatu baada yake, na usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwa wanaovuka mara kwa mara kwenda Sengerema na Geita, vipimo vya zamani vya siku za foleni ya kivuko cha Kigongo visilinganishwe na vya sasa, baada ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa mwezi Juni 2025.

Geji ikiwa bado mkononi, pima na tairi la akiba. Hilo husahaulika kwa sababu halionekani, na lile jembamba la dharura huhitaji upepo mwingi zaidi, mara nyingi PSI 60, kama ilivyochongwa ubavuni mwake. La kwangu nililipima kwa mara ya kwanza kando ya barabara ya Magu, pancha ikiwa imekwisha kutokea, na geji ikasoma 11.